Dirisha la Chumba cha Meneja

Kwa miaka kumi na tisa Tarishi alibeba barua na chai katika jengo lile. Kila asubuhi aligonga mlango wa meneja, akangoja aambiwe, "Ingia."

Kisha kampuni ikahama. Mwenye jengo akageuza ofisi kuwa nyumba za kupanga. Tarishi akawahi kupanga upande uleule wa meneja.

"Mke wangu, leo tunalala kwa bosi!" alisema siku ya kuhamia.

Chumba kilikuwa kizuri kweli. Ukuta mmoja wote ulikuwa kioo, lakini kioo hicho hakikufunguka. Mashine ya hewa iliyokuwa ikinguruma darini ilikuwa imekufa. Ndani zaidi kulikuwa na chumba cha mafaili, kisicho na dirisha hata moja.

Tarishi aliendelea kugonga mlango kila alipoingia.

"Unambishia hodi nani?" mkewe alimtania. "Meneja alishaondoka!"

"Mazoea yana tabu, mama."

Ila kwa jambo moja hakutaka mzaha. "Kupika humu ni marufuku," alisema. "Moshi utaharibu dari ya meneja." Kwa hiyo mkewe alishuka ngazi kila siku, akapika uani kwa mkaa.

Mchana mmoja mvua ilinyesha. Mke alipandisha jiko lake likiwa linawaka, akaliweka katika chumba cha mafaili. Akafunga mlango ili moshi usifike kwa meneja. Binti yao mdogo alikaa naye, akichezea vifuniko vya sufuria.

Jirani yao, fundi wa madirisha aitwaye Dada Patasi, alikuja kuwarudishia nyundo. Alibisha hodi, kimya. Kisha akasikia mtoto akilia kwa sauti ndogo. Akaingia mbio, akafungua chumba cha mafaili. Mama alikuwa ameegemea ukuta, miguu haina nguvu. Mtoto alikuwa akitapika.

"Tokeni! Acha hiyo sufuria!"

Aliwavuta hadi nje penye hewa, kisha akawapeleka hospitali. Walitibiwa, wakapona.

Tarishi alifika hospitali mbio. "Lakini nasikia hapakuwa na moshi," alisema.

"Shemeji, hapo ndipo watu wanapokosea," alisema Dada Patasi. "Mkaa ukikolea moto hautoi moshi, lakini unatoa gesi ya sumu. Haionekani, hainuki. Ukiwa karibu na jiko, kichwa kikaanza kuuma, toka nje kwanza. Maswali baadaye."

"Mbona miaka yote jengo lilikuwa salama?"

"Lilikuwa ofisi. Mlikuja asubuhi, mkaondoka jioni. Mlipika kwenu, na hewa ililetwa na mashine. Sasa watu wanalala humo na wanapika humo. Ofisi haiwi nyumba kwa kubadilisha kufuli tu. Panapolala mtu na panapopikwa panataka dirisha linalofunguka."

"Tukate kioo cha meneja?"

"Kioo cha meneja, au pumzi ya mwanao?"

Tarishi alimtazama binti yake kitandani. Aliona haya, na machozi yakamtoka.

Wiki hiyo wapangaji wote walimwendea mwenye jengo. Kwanza alinung'unika. Tarishi akamweleza yaliyompata, bila kuficha kosa lake. Mwenye jengo alimleta mhandisi akague kuta, kisha kazi ikaanza. Kila nyumba ilipata madirisha ya kufungua, yenye vyuma vya kuzuia watoto wasianguke. Chumba cha mafaili kikawa stoo. Jiko la gesi likawekwa kwa meneja, karibu na dirisha. Majiko ya mkaa yalibaki uani, chini ya paa jipya.

Jioni ya kwanza, Tarishi alinusa maharage tangu kwenye ngazi. Akafika mlangoni, akagonga kama kawaida.

"Subiri!" binti yake alijibu kutoka ndani. "Meneja anapika!"

Tarishi akasubiri, mikono nyuma. Mlango ulipofunguliwa, upepo ulimpiga usoni. Miaka kumi na tisa alikuwa ameingia kwa mlango ule, na hakuwahi kukutana na upepo.