Wimbo wa Majibu

Kila asubuhi, kabla ya shule, Tupokigwe alimsaidia mama yake kuchuma chai kwenye shamba lao dogo huko Masukulu. Siku hizo mikono ilichuma lakini moyo haukutulia. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia. Asipochaguliwa kwenda sekondari, angebaki na kikapu cha chai mgongoni, na yeye alitaka kusoma.

Rafiki yake Lilian alikuwa na dawa. Miaka hiyo soko la Tukuyu liliuza kila kitu, na kando ya mitumba Lilian alikuwa amenunua mtihani wa zamani pamoja na majibu yake.

"Maswali ni yale yale," alisema. "Wanabadilisha mwaka tu."

Wakayatungia majibu wimbo. Waliuimba wakichuma: moja B, mbili D, tatu A.

"Mnaimba nini?" aliuliza mama.

"Hisabati, mama."

"Hisabati gani hiyo isiyo na hesabu?"

Wasichana wakacheka, wakaendelea kuimba.

Mwalimu Ambwene alipotoa mtihani wa majaribio, Tupokigwe aliona swali la kwanza akalitambua. Lilikuwa lile la ng'ombe wa mzee Ambilikile. Hakusoma zaidi. Aliimba kimoyomoyo, akajaza herufi, akamaliza kabla ya wote, kisha akakaa akitikisa miguu.

Kesho yake mwalimu alimsimamisha.

"Mzee ana ng'ombe arobaini. Ameuza robo yao. Wewe unasema amebaki na sitini. Wamezaliana njiani kwenda mnadani?"

"Mwalimu, huyo mzee amfundishe na baba yangu biashara hiyo," alisema Husseni kutoka dawati la nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Kwenye mtihani wa zamani ng'ombe walikuwa themanini. Mwalimu alikuwa amebadilisha tarakimu.

Baada ya masomo Tupokigwe alibaki darasani, akamweleza mwalimu habari ya wimbo. "Sitafanya mtihani," alisema. "Nitaaibika tena."

"Utafanya. Lete karatasi yako. Funika majibu. Sasa niambie, swali linataka nini?"

Alikwama. Akasoma tena. Akachora ng'ombe kwa vijiti, akavigawa mafungu manne, akaondoa fungu moja. Tangu siku hiyo, yeye na Lilian waliulizana hesabu walizotunga wenyewe, za kilo za chai na mikungu ya ndizi, na aliyekosea alibeba vikapu vyote viwili.

Siku ya mtihani wimbo ulimrudia kichwani. Moja B. Aliweka kalamu chini, akasoma swali mara mbili, ndipo akaanza kukokotoa. Alimaliza miongoni mwa wa mwisho.

Majina ya waliochaguliwa yaliposomwa, lake lilikuwemo, na la Lilian pia. Mama alikwenda na Tupokigwe nyumbani kwa mwalimu kumshukuru, amebeba mkungu wa ndizi.

"Ndaga, mwalimu."

"Amefanya kazi mwenyewe, mama," alisema Mwalimu Ambwene, kisha akamgeukia Tupokigwe. "Mtihani wa zamani ni wa kujipima. Ukikariri majibu yake unajidanganya, na siku ya mtihani utaumbuka. Kule sekondari usinitungie nyimbo."

"Sitatunga, mwalimu," alisema Tupokigwe, akaupokea ule mkungu kwa mama yake na kuuingiza ndani.