Alichukua au Alipewa?

Soko limefurika, watu wanakanyagana, na fundi simu anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka. "Dada! We dada wa cherehani! Nipunguzie suruali!"

Dada mwenyewe, gauni la njano, pini zimebanwa midomoni, hata hageuki. Jirani akacheka. "Kaka, utapasua koo bure. Huyo tunamwita Sindano, na hasikii."

Sindano akainua macho, akampima kuanzia viatu mpaka utosi, akaandika kwenye simu: *Suruali nzuri. Miguu ndiyo mifupi.*

Weee! Jamaa kwisha habari yake.

Mapenzi yakakolea kwenye simu za video. Jamaa anajifunza ishara, anakosea, Sindano anacheka mpaka simu inamponyoka.

"Umeniita mbuzi, mpenzi."

"Nilitaka kusema malkia!"

"Basi malkia wa mbuzi."

Haukupita muda, bwana akaanza kutamba kijiweni: "Lugha yake? Naijua kama jina langu!"

Kutamba huko ndiko kulikomponza. Mama mmoja mteja alimpa Sindano kitambaa kilichobaki, akasahau, akaenda kushtaki wizi. Kituoni hakuna mkalimani. "Nipo mimi, afande!" fundi akajitosa. Sindano akavuta mkono kutoka upande wa yule mama mpaka kifuani. Fundi, haraka haraka: "Anasema alichukua."

Kumbe mkono ukianzia kwa mwenzako, maana yake *nilipewa*. Tafsiri hiyo ikafika mahakamani, Sindano akafungwa.

Gerezani akiitwa, haitiki. Wakaona kiburi, wakamfungia peke yake. Fundi alipomtembelea alikuta sare inamning'inia, vidole vimelala mapajani kama si vyake. Alipoanza ishara, askari akafoka: "Hakuna kupeana siri hapa!" Sindano akageukia ukuta.

Ndipo akatokea wakili wa wafungwa wenye ulemavu, mama mkali asiyebabaishwa. Akaja na mkalimani wa kweli, na mshauri wa kike ambaye naye hasikii. Siku hiyo Sindano aliongea, akalia, akaongea tena. Kumfungia peke yake kukakatazwa. Chakula kikaanza kupita kooni.

Wakili akamfuata fundi. "Rufaa inakutaka wewe. Useme hukuijua lugha."

"Nijiaibishe mbele ya watu wote?"

"Mdogo wangu, mwenzio yuko ndani."

Fundi akasimama mahakamani. "Sikuijua. Nilijidai tu."

Hukumu ikafutwa.

Getini alimkimbilia, mkalimani akiwatafsiria. "Mpenzi, nisamehe! Nitakuoa, nitakuwa sauti yako maisha yote."

Sindano akatikisa kichwa. "Sauti ninayo. Ulipaswa kusema hujui, basi. Humo ndani nilikuwa najiuliza, alinisaliti au alikosea? Sasa najua ulikosea. Lakini nikiona mikono yako, moyo unanipasuka kwa hofu."

"Nikupigie jioni?"

"Usipige. Nikipona nitakutafuta, nikutukane vizuri."

Akatabasamu kidogo tu, akaingia garini na mshauri wake. Mkalimani naye akaondoka nao. Fundi akabaki pale getini, maneno yamemjaa kinywani, na hakuna wa kuyapokea.