Sega la Mjane

Asubuhi ile Kawajense kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, ile ya mwezi wa saba ambayo hata kuku hawataki kutoka bandani. Bernadetha, mtoto wa marehemu dada yangu, aliamka akiimba, na sababu alikuwa nayo. Jeniffer, shoga yake tangu enzi walipokuwa wapangaji nyumba moja hapo hapo Kawajense, alikuwa amejifungua mtoto wa kike huko Mbeya mjini, baada ya miaka ya kulia na kusali novena. Jumapili mtoto anabatizwa, na mama wa ubatizo ni Bernadetha mwenyewe. Sasa mtu kama huyo aache kuimba?

Alipakia mchele wa Mpimbwe, karanga, jogoo aliyefungwa miguu na blanketi la mtoto. Mumewe Anselmo akatoka ndani na ndoo nyeupe yenye mfuniko, akaiweka kiti cha nyuma, akaifunga mkanda kama binadamu.

"Huyu ndiye abiria wangu wa heshima," akasema, akacheka.

Bernadetha aliona kilichomo. Asali, na masega yake. Akaacha kuimba.

Ngoja niwaambie asali ile ilikotoka. Salvatori, baba mdogo wake Anselmo, alikuwa mrina asali wa Kasokola. Mizinga yake ilitundikwa msituni kila mahali, na hakuna aliyewahi kuigusa. Mvua zilipokuwa zinaisha, mzee akafariki. Sasa kwa warina asali wa kwetu kule, mwenye mizinga akifa hapandi mtu mti mpaka mjane alishwe. Anakalishwa mkekani, uso ameuelekeza msituni. Mrithi anamega sega la kwanza, anamtia mjane mdomoni kwa mkono wake. Mjane anatafuna, asali anameza, nta anaitema kwenye jani, na jani linarudishwa chini ya mti. Hapo ndipo kinywa chake kimefunguliwa, na mizinga inagawanywa, nusu yake, nusu ya mrithi. Kabla ya hapo asali ile ni ya marehemu na mkewe. Hata ukiilamba kwa ncha ya kidole, umeiba.

Mrithi alikuwa Anselmo, na hakutaka nusu. Alitaka yote.

Basi akaanza kunong'ona vilabuni kwamba mama yake mdogo, Pelagia, yule mjane, ndiye aliyemla mumewe kwa uchawi. Tazameni macho yake, akasema, mekundu. Nyie niambieni, bibi gani aliyepikia kuni maisha yake yote macho yake si mekundu? Lakini maneno yakaota miguu. Siku moja mchana kweupe wakaja watu na mafuta ya taa, nyumba ya Pelagia ikawaka. Bernadetha alikuwepo. Alisimama uani, kanga ameibana mdomoni, hakusema neno. Pelagia alipita mbele yake amebeba mkeka tu. Alikuwa na pengo moja la mbele, jino la juu, na zamani akicheka lilikuwa linampendeza. Siku ile hakucheka. Alisimama mbele ya Anselmo, akasema polepole kama mtu anayemwagiza mtoto dukani:

"Utanilisha tu, mwanangu. Kama si kwa mkono wako, basi kwa kinywa chako."

Baridi ilipoingia wakamkuta pembezoni mwa mashamba ya Misunkumilo. Alikuwa amekaa mkekani, uso ameuelekeza msituni. Mdomo wazi. Waliomzika wanasema walijaribu kuufunga. Haukufungika.

Hiyo ndiyo asali, aliyoirina Anselmo bila kumlisha mjane, waliyokuwa wanampelekea mtoto mchanga.

Safari ilianza vizuri. Sitalike viboko walikuwa wamerundikana kwenye tope la mto, Anselmo akawatania kwamba wamejaa kama wapiga kura. Wakaingia hifadhini, miti imepukutisha majani, vumbi limetulia kwa baridi. Mbele kidogo wakasimamishwa pale magari yanapokaguliwa mbung'o. Mkaguzi akaja na kikapu chake cha wavu, akainama dirishani, akasalimia kwa adabu. Kisha akageukia nyuma.

"Shikamoo bibi. Naomba upandishe kioo, hao wadudu wanauma."

Akangoja kidogo, akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa, akawaruhusu wapite. Anselmo akasema vijana wa siku hizi wanaanza bangi asubuhi. Bernadetha hakucheka. Kioo cha nyuma kilikuwa kinapanda. Gari lile vioo vyake ni vya kuzungusha kwa mkono.

Baada ya hapo ikaja harufu. Si ya asali. Ya nyasi za paa zilizoungua.

Walipopanda milima ya Ufipa, baridi ilikuwa ya kutoa machozi. Vioo vyote walivifunga. Vikawa safi, isipokuwa kimoja, cha nyuma upande wa Anselmo. Hicho kilikuwa na ukungu wa pumzi. Ukungu unakuja, unapungua. Unakuja, unapungua. Na chini ya ngurumo ya injini Bernadetha akasikia kitu kingine. Mtu anatafuna.

Akageuka. Ndoo imekaa, mkanda umefungwa, mfuniko umebana. Kando yake, kwenye kiti, kuna donge la nta iliyotafunwa. Akalichukua. Lilikuwa la uvuguvugu. Alama za meno zilionekana wazi, zote, kasoro moja ya mbele juu. Pale nta ilikuwa laini, haikuguswa.

"Baba Martin," akanong'ona, maana Martin ndiye mtoto wao wa kwanza, "turudi. Au tuitupe ndoo. Mama mdogo hajalishwa."

Anselmo hakumtazama. "Mchawi akifa amekufa, Mama Martin. Asali ni ile ile."

Laela walisimama kunywa chai. Anselmo alipokuwa ndani ya hoteli, Bernadetha akafungua mkanda, akabeba ndoo, akaiweka nyuma ya kibanda cha mkaa, akarudi haraka garini. Wakaondoka. Alikaa akitazama mbele muda mrefu, anaogopa kugeuza shingo. Mwisho akageuka.

Ndoo ilikuwa kitini. Mkanda umefungwa.

Mfuniko umepakazwa vumbi la mkaa, na juu ya vumbi kuna kiganja. Kidogo, chembamba, cha kizee.

Jioni jua halijazama wakafika kwa Jeniffer na mumewe, Gideon. Ukungu wa Mbeya ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, jiko la mkaa linawaka sebuleni, mlango uko nusu wazi. Ilikuwa furaha, jamani. Jeniffer alimkumbatia Bernadetha mpaka kilemba kikadondoka, akamwambia amenenepa kama mke wa diwani. Mtoto, Agatha, alikuwa ameviringishwa mablanketi, uso tu unaonekana. Bernadetha akampokea, akasahau njia yote. Kwa muda kidogo akasahau.

Gideon ni mtu wa Kasokola, na kwao mtoto mchanga hulambishwa asali na mgeni aliyetoka nyumbani, ili kinywa chake kiwe kitamu. Akamwomba Anselmo amfanyie heshima hiyo. Anselmo akafungua ndoo, akachovya kidole, akakisogeza.

Mtoto alikuwa amelala. Kidole kilipokaribia, macho yakafunguka. Hakulia. Alifungua mdomo, akaupanua, akauacha hivyo. Mpana kupita mdomo wa mtoto. Na macho hayakumtazama Anselmo. Yalimtazama mtu aliyesimama nyuma yake.

Bernadetha akaupiga ule mkono. Asali ikaruka ukutani.

"Asimlishe," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Hii asali ina mwenyewe. Nilikuwepo anafukuzwa, nikanyamaza. Leo sinyamazi."

Na akasema yote, mbele ya wenyeji, mtoto kifuani. Mizinga, uvumi, mafuta ya taa, mkeka. Mtoto alifunga mdomo, akaanza kulia kilio cha kawaida cha njaa, na Jeniffer akamchukua akaingia naye chumbani bila kuaga mtu. Gideon alikuwa amekaa, mikono magotini.

"Kaka," akauliza, "mjane alilishwa?"

Anselmo alicheka. Ni kile kicheko cha mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Akasema mwanamke mmoja amemtia Gideon woga, na kwamba yeye ataonyesha asali ile haina kitu. Akatoa sega kubwa, akalitia lote mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akatema nta sakafuni.

Akachukua jingine.

Gideon akamwambia inatosha, tumeona. Anselmo akatikisa kichwa kukubali, na mkono ukarudi ndooni. Akachukua jingine. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Mkono unaenda, mdomo unapokea. Gideon akaushika ule mkono kwa nguvu zake zote, ukamburuta kama mtoto. Wakaiondoa ndoo. Hapo Anselmo akalia, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya bibi mwenye njaa.

Wakamrudishia.

Bernadetha akaokota donge moja sakafuni. Anselmo meno yake yalikuwa kamili, meupe, ya kujivunia. Donge lilikuwa na pengo.

Hospitalini walimchoma sindano ya usingizi. Akalala akitafuna. Daktari hakuwa na jina la kuuita ule ugonjwa. Gideon ndiye aliyesema dawa iko Kasokola tu: wawahi kaburi la Pelagia na sega hata moja lililobaki, Anselmo amlishe mama yake mdogo kwa mkono wake mwenyewe, labda ataridhika. Basi kulipokucha wakaondoka, Gideon ameshika usukani, Bernadetha pembeni yake. Anselmo walimweka nyuma, na ndoo mapajani. Ubatizo wa Jumapili Bernadetha hakuuona.

Njia nzima alikuwa anasikiliza. Sega likitafunwa. Nta ikitemwa. Alijaribu kuficha kipande kimoja kwenye kanga, akakikuta ni kikavu, kimeshanyonywa. Tunduma wakapita bila kusimama. Laela. Sumbawanga. Vioo vya nyuma vina ukungu, sasa pande zote mbili. Wawili wanapumua.

Wakaingia hifadhini. Ndoo ilikuwa inakwanguliwa kwa kucha.

"Kimbiza," Bernadetha akanong'ona. "Gideon, kimbiza."

Gideon alikimbiza mpaka usukani ukatetemeka. Wakaiona Sitalike mbele, mapaa yanang'aa juani. Hapo nyuma kukawa kimya. Hakuna kutafuna. Hakuna kucha.

Kioo cha upande wa Anselmo kikaanza kukauka.

Hawakugeuka mpaka gari liliposimama. Anselmo alikuwa amekaa wima, uso ameuelekeza msituni. Mdomo wazi, mpana, kama anayesubiri kulishwa. Ndoo ilikuwa safi kama iliyooshwa. Upande wa pili wa kiti palikuwa na joto, Bernadetha alipagusa kwa kiganja. Na mlango wa upande huo ulikuwa wazi.

Alizikwa Kasokola. Waliomvika sanda walijaribu kuufunga ule mdomo kwa kitambaa. Kitambaa kilikatika.

Bernadetha alimlilia, maana mume ni mume. Alikwenda pia kwenye kaburi la Pelagia, akalifyeka majani, akapiga magoti akaomba msamaha wa kimya chake. Sega la kupeleka hakuwa nalo. Mizinga hakuna aliyetaka hata kuitaja. Ndugu wa Anselmo walisema waziwazi kwamba hawamlishi mjane yeyote, waachwe na jembe lao. Kwa hiyo Bernadetha akawa mjane wa mwenye mizinga, kinywa chake kimefungwa, na hakuna mrithi wa kumfungulia.

Sasa sikilizeni hili, maana nimeliona kwa macho yangu haya. Nilikwenda kukaa naye msibani. Asubuhi moja, jua limeshatoka, anafungua mlango, anakuta mkeka umetandikwa kibarazani. Mkeka wa zamani, kona moja imeungua. Umetandikwa kuelekea msituni. Juu yake kuna jani, na juu ya jani kuna sega la asali mbichi, nyuki mmoja anatambaa.

Mrithi akikulisha, humega kwanza kwa mkono. Lile halikumegwa kwa mkono. Liling'atwa kwenye kona, kidogo tu, kama anavyoonja mama chakula cha mtoto kuona hakijaharibika. Niliinama nikatazama. Meno yote yalikuwepo, kasoro moja.

Bernadetha hajala. Hajatupa. Ananiuliza ni zawadi au ni deni la kimya chake. Mkeka hatujaukunja. Sisimizi wanapita pembeni, wanazunguka, hawapandi. Sega lile kila asubuhi tunalikuta limelowa asali upya, na ile kona iliyong'atwa imesogea kidogo kuelekea upande wa mlango.