Liz Ameingia

Mimi ni fundi wa nguo hapa soko la Kisegi, na kazi yangu ya pili, isiyo na malipo, ilikuwa kumsomea jirani yangu simu. Jumamosi cherehani yangu hulala kwa sababu ya Sabato. Tukitoka kanisani nilipitia kwa Mama Wesley, nikapewa uji wa wimbi, nikamsomea ujumbe wa wiki nzima. Yeye hakuingia hata darasa la kwanza. Mimi niliishia la nane, lakini mbele yake nilijiona profesa.

Aliyemsubiri kwa hamu ni binti yake Liz, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mwanzoni Liz hakuandika. Alijua mama yake hasomi, kwa hiyo alituma sauti. Mama aliibonyeza mwenyewe, akaiweka sikioni, akacheka peke yake jikoni. Kila mara Liz alimalizia kwa wimbo wa kubembeleza alioimbiwa utotoni, wa kuku aliyekataa kulalia mayai. Mama Wesley aliutunga mwenyewe, na hakuna nyumba nyingine iliyoujua.

Mwezi wa tatu sauti zikakoma, yakaja maandishi. "Mama, niko sawa. Kazi ni nyingi. Nawapenda." Nilimwambia mama kwamba labda tajiri wa Liz hapendi kelele. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliyatoa kichwani mwangu tu, akaridhika, na mimi nikamalizia uji wangu.

Familia yao ina kikundi cha WhatsApp. Shangazi wako Migori, wengine Kehancha, wengine Mombasa. Ukituma salamu, Liz anarudisha alama ya moyo. Nani angeuliza zaidi? Zamani mtu akikaa kimya ndugu walifunga safari. Siku hizi tukiona yuko mtandaoni, tunasema tumemwona.

Mwezi wa tisa Emmaculate, mke wa Wesley, alijifungua msichana. Siku ya tatu mtoto akaanza kulia. Alilia akinyonya, akalia akiogeshwa, akalia hadi sauti ikakauka. Kwenye dispensari walimpima, hakuwa na homa wala chochote.

Sisi ni watu wa kanisa, mchungaji anisamehe, lakini kila mtu hapa anajua kilio cha namna hiyo. Ni marehemu wa ukoo anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake. Basi wazee huketi wakataja majina ya waliokufa, moja moja, na jina likifika kwa mwenyewe mtoto hunyamaza. Walio hai hawaombi. Wana majina yao bado.

Kwa kuwa wenye kuyajua majina wametawanyika, Wesley alisema tuite kwa simu. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, jua kali, kuku wakidonoa uani. Wesley akapiga simu ya kikundi, akaweka spika, akaniachia niangalie nani anaingia. Shangazi wa Migori akataja nyanya zake. Wa Kehancha akataja pacha waliokufa wakati wa ndui. Mtoto akazidi kulia. Walitaja kumi na saba. Nilihesabu.

Kioo cha simu kikawaka.

"Liz ameingia," nikasema.

Mtoto akanyamaza.

Shangazi wa Mombasa akacheka. "Huyu anapenda auntie yake!" Sote tukacheka, tukashukuru Mungu kwa ule ukimya. Lakini tulipoendelea na majina, kilio kikarudi. Wesley akasema polepole, "Liz." Kimya. Akataja jina la babu. Kilio. "Liz." Kimya.

Hakuna aliyecheka tena.

Emmaculate alimnyakua mtoto na kumkumbatia. "Wachana na hiyo jina," alinong'ona. "Wesley, wacha. Dada yako ako hai."

Mama Wesley alisogea hadi kwenye simu. Akamwomba bintiye aongee naye.

"Wuo koda, nyathina. Wacha nisikie sauti."

Hakujibiwa. Kulikuwa na mtu pale, tulimsikia akipumua. Kisha simu ikatoa mlio mdogo, na ujumbe ukaingia.

"Amesema nini?" mama akaniuliza.

Nikausoma, kama nilivyokuwa nikisoma kila Jumamosi. "Mama, niko sawa."

Mama Wesley akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo.

"Mama Cephas," akasema, "Liz anajua mimi sijui kusoma. Hajawai niandikia. Hata siku moja. Ni nani umekuwa ukinisomea?"

Miezi sita ujumbe ule ulikuwa ukitoka kwa mdomo wangu, na mama alikuwa akinipa uji.

Mlio mwingine. Sikutaka kuusoma. Wesley akaichukua simu, akasoma.

"Mpeni tu jina. Nimechoka kuandika."

Jina la Liz likatoka kwenye kioo. Mtoto alikuwa amelala.

Wesley alimtafuta ajenti aliyempeleka dada yake, simu yake haikupatikana. Mwezi wa kumi na mbili akaja msichana wa Kisii, Mong'ina, amebeba begi la Liz. Alifanya kazi nyumba ya jirani kule. Alipiga magoti mbele ya mama.

"Aliugua siku mbili mwezi wa tatu. Hawakumpeleka hospitali. Walimzika hukohuko," alisema. "Sikuwa na namba yenu. Simu yake ilizimika siku hiyo, nikaificha kwa sanduku langu. Haijawai washwa tena."

Mama Wesley hakupiga yowe. Alishika lile begi mapajani kama mtoto, akalinusa, na hapo ndipo mimi niliangua kilio.

Wesley ndiye aliyemnunulia Liz ile simu iliyokuja ndani ya begi, kwa hiyo alijua namba ya kuifungua. Akaichaji. Haikuwa na laini. Kitu cha mwisho kilichotumwa kilikuwa sauti ya mwezi wa tatu. Maandishi niliyosoma miezi yote ile hayakuwamo, hata moja.

Kulikuwa na rekodi moja. Tarehe yake ilikuwa ile Jumapili, saa nane mchana. Ndani yake kuku wetu wanalia, shangazi wanataja majina, mtoto analia, na mimi nasema Liz ameingia. Kisha, karibu kuliko sisi sote, kama mtu aliyeinama juu ya mtoto, mwanamke anaimba polepole wimbo wa kuku aliyekataa kulalia mayai. Anaimba ubeti wa kwanza, rekodi inakwisha. Dakika nne kamili.

Siku hizi Jumamosi sina cha kusoma. Nakoroga uji mimi. Mama Wesley humpakata Liz mdogo, hubonyeza mwenyewe, huweka sikioni, na rekodi ikiisha huimba ubeti wa pili hadi machozi yamzuie.

Jumamosi iliyopita alishindwa kumaliza. Nilichukua simu niizime, macho yangu yakaangukia kwenye dakika za rekodi. Zilikuwa tano.