Alipoyapa Maji Mgongo

Asali ilimwagikia viatu vya Demetria siku ya kwanza tu. Treni ilikuwa imeingia Tabora, watu wanasukumana, na kijana mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri akajikwaa na ndoo yake. Akapiga magoti palepale, akavifuta kwa leso.

"Samahani, dada. Hata nyuki hawajawahi kuniaibisha hivi."

Demetria alijibu kwa sauti ndogo mno, ikabidi arudie kuwa hana neno.

Huyo ndiye Mayala wa Nzega, muuza asali wa mtaa wa Ng'ambo. Baada ya miezi kadhaa alikuwa akimpigia simu kila jioni na kumwita "sega langu". Ukutani dukani kwake alibandika picha ya kalenda: mahali huko pwani ambapo mto unaingia baharini juu ya mawe. Maji yakipwa, maporomoko huelekea baharini. Yakijaa, bahari huurudisha mto nyuma na maporomoko hugeuka. Mayala hakuwahi kuiona bahari. Wakaahidiana watakwenda pamoja wiki ya kwanza ya ndoa, na hakuna atakayemtangulia mwenzake.

Kisha chuo alikosoma Demetria kikatangaza ziara ya masomo, mahali palepale pa kwenye picha. Mayala angecheka na kumruhusu, Demetria alilijua hilo. Lakini mdomo ulikuwa mzito, akaona uongo ni mwepesi zaidi. Akasema anakwenda kwao Ulyankulu, mama yake anaumwa.

Alikuwa amesimama juu ya mawe kule pwani, gauni la kitenge linapepea kwa upepo wa chumvi, simu ilipoita.

"Sega langu, usinikaripie. Nimeshafika Ulyankulu. Nimemletea mama asali ya kifua."

"Mayala, usiingie. Barua yako bado."

"Mgonjwa anasubiri barua? Nakuja, niandalie maji ya kunywa." Akakata.

Kwao, mwanamume ambaye barua yake ya posa haijapokewa hakanyagi uwanja wa wakwe. Demetria alipiga simu tena na tena, haikupokelewa. Nyuma yake wenzake wakaanza kupiga kelele: maji yanageuka. Leonia, rafiki yake, alimvuta mkono. Demetria akajitoa, akaketi akiitazama mivinje, maji yakinguruma mgongoni kama treni ndefu. Hakugeuka.

Jioni mama yake, Jeska, alipiga.

"Amenikuta natundika tumbaku, akanipa pole ya ugonjwa. Nikamwambia nimepata nafuu asubuhi, nawe umeshaondoka. Nimedanganya, Demetria, mimi ninayefundisha watoto katekisimu." Kisha akaongeza, "Baba yako amesema mtu aliyeitangulia barua yake abaki nayo. Uongo wangu nitauungama Jumamosi. Wa kwako je?"

Mayala hakupiga tena. Siku ya sita Demetria alikwenda Ng'ambo, amevaa viatu vilevile. Duka lilikuwa na wateja. Mayala alikuwa akichuja asali, hakuinua uso.

"Mama hakuwa mgonjwa," akasema Demetria.

"Najua. Alikuwa na majani ya tumbaku kwenye kilemba."

"Nilikwenda pwani. Kule kwenye picha."

Mkono wa Mayala ukasimama. Asali ikaendelea kushuka yenyewe.

"Baba yako alinitazama kama mwizi wa kuku," akasema taratibu. "Na mimi nilikuwa nimevaa shati jipya. Ungeniambia, ningekufungia asali ya njiani."

Demetria alilia bila sauti. Hakuomba msamaha, aliona neno lenyewe dogo.

Mayala aliitazama ile picha. "Yanageuka kweli?"

"Sijui. Niliyasikia tu. Niliyapa mgongo."

"Safari yote ile?"

"Ningeyatazamaje, na wewe uko kwetu unaaibika kwa ajili yangu?"

Mayala alifunika ndoo, akafuta mikono polepole. Hakutabasamu. Akasema Jumapili mjomba wake ataipeleka barua, lakini yeye Demetria atatangulia uwanjani. Mbele ya baba yake na wazee wote, ataeleza ni nani aliyemfanya mgeni aje kabla ya siku yake.

Demetria alimjua baba yake, Mzee Ndayiragije. Tangu utoto hakuwahi kumaliza sentensi tatu mbele yake.

"Nitasema," akanong'ona.

"Sijasikia."

"Nitasema," akarudia, na safari hii wateja wote wakageuka.