Maziwa ya Chungu Cheusi

Mimi, Kundan, ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba yetu, na nasema bila kuona haya kwamba hakuna neno lililoweza kupotea kati ya jikoni na baraza maadamu mimi ni mzima. Redio ya babu ilikuwa ikikatikakatika kila mawingu yaliposhuka mlimani. Mimi sikukatika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Majira ya baridi, baba mdogo Diwan alioa, akakaa nyumbani kidogo, kisha akarudi jeshini na kutuachia mkewe, mama mdogo Saruli. Kwetu Kumaon, milimani kaskazini mwa India, mke wa mtoto hasemi na baba mkwe wake. Babu akikohoa uani, Saruli anavuta mtandio hadi kidevuni. Akiwa na neno, humwambia mtoto, naye mtoto humwambia babu, hata kama wote wamesimama pamoja na wanasikiana vizuri kabisa.

"Kundan, muulize babu yako kama ataongezewa chai."

"Babu, unaulizwa kama utaongezewa chai."

"Mwambie nusu kikombe."

"Mama mdogo, babu anasema nusu kikombe, na mimi nipewe kipande cha sukari guru."

Hapo mtandio hutikisika kwa kicheko, na babu hukohoa tena ingawa kifua chake hakina neno. Bibi yangu Jasuli hakuwa akicheka. "Huyu mtoto atakuja kuuza maneno sokoni," alikuwa akisema.

Babu Pitambar alikuwa tabibu wa mitishamba. Watu wa homa na watu wa magoti walipanda kwake kutoka vijiji vya bondeni. Mizizi mingi alituachia tuishike tutakavyo, isipokuwa mmoja, bachnag, mweusi, mnene kama kidole cha mtu mzima, unaochimbwa juu kabisa karibu na theluji. Mzizi huo mbichi ni sumu. Kipande kidogo kinatosha kuusimamisha moyo wa mtu. Ndiyo maana babu aliukatakata vipande vidogo kama dengu, akaviloweka katika mkojo wa ng'ombe juani, akiubadilisha kila asubuhi. Kisha alivifunga kwenye kitambaa, akakining'iniza ndani ya chungu cheusi cha maziwa, na kuchemsha polepole kwa saa nyingi. Baada ya hapo ndipo vipande vilikaushwa na kusagwa, na mgonjwa akapimiwa unga usiojaza hata ncha ya ukucha.

Na yale maziwa? Sumu iliyotoka kwenye mzizi imehamia humo. Babu aliyamwaga mwenyewe kwenye shimo nyuma ya nyumba, akafukia kwa majivu na mawe. Sisi tuliozaliwa pale tulilijua jambo hilo kama tunavyojua kwamba moto unaunguza, ndiyo maana hakuna aliyelisema tena. Saruli alikuwa hajazaliwa pale.

Siku hiyo nilikuwa shuleni. Bibi alikuwa mteremkoni akikata nyasi. Babu alikuwa amekwisha kutoa kitambaa chake, chungu kikiwa barazani kinapoa, mara akaja kijana wa kijiji cha juu kumwita kwa mgonjwa aliyezidiwa. Babu alichukua mkoba wake. Pale uani alimwona Saruli amejifunika, akatazama kushoto na kulia akinitafuta mimi. Sikuwepo. Akanyamaza, akashika njia.

Saruli alibaki na chungu cha maziwa meupe, yenye malai juu, na ndama anayelia njaa. Ndama wetu, Lali, alikuwa na wekundu wa tofali na miguu mirefu kuliko akili yake. Mama yake, Dhauli, alikuwa na maziwa machache mwaka ule, na sisi watu tulimpunja Lali mgawo wake. Saruli alikotoka, mtu akimwaga maziwa hata kwa bahati mbaya huomba msamaha kwa miungu. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Akasubiri kidogo barabarani, akitazama kama nimetokea. Mwisho akambebea Lali kile chungu.

Niliporudi nilimkuta Lali amelala ubavu, povu mdomoni, miguu ikicheza kama anakimbia. Saruli alikuwa amempakata kichwa, mtandio umeanguka mabegani, na hilo peke yake lilinitisha, maana sikuwa nimewahi kuziona nywele zake.

"Kundan, nimempa maziwa tu," alisema. "Maziwa ya kile chungu. Muulize babu yako nifanye nini."

"Babu hayupo."

"Basi muulize yeyote."

Nilikimbia hadi mteremkoni nikapiga kelele, bibi akatupa mundu na kupanda mbio kuliko nilivyodhani miguu yake inaweza. Tulipofika, Lali alikuwa ametulia. Dhauli alikuwa amenyoosha shingo juu ya kizuizi cha zizi, akimlamba sikio.

Bibi alikaa chini. Kwanza hakusema juu ya ndama. Alimshika Saruli taya, akamfungua mdomo kama anavyokaguliwa mtoto mchanga.

"Wewe umeonja?"

"Hapana, mama."

"Hata malai? Hata kulamba kidole?"

"Nyinyi mlikuwa hamjala," alisema Saruli. "Ningekulaje kabla yenu?"

Bibi alimwachia taya, akalia kwa muda. Halafu huzuni ikageuka kuwa maneno. Kwetu, kumuua ndama ni dhambi isiyotajwa kwa sauti, na majirani walikuwa wamekwisha kujaa ukutani kama kunguru.

"Nyumba ya tabibu, ndama anakufa kwa sumu," alisema mmoja wao. "Huyu bibi harusi amekuja na mguu gani wa mkosi?"

"Arudi kwao kwanza," alisema mwingine, "mpaka kuhani aseme atatakaswaje."

Bibi hakuwabishia. Alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama Saruli, "Kundan, mwambie mama yako mdogo afunge nguo zake. Kesho atapelekwa kwa baba yake."

Saruli alikuwa pale pale, kiasi cha kumgusa. Nilifungua mdomo. Mdomo huo niliousifia hapo juu haukutoa kitu. Saruli aliinuka mwenyewe, akaingia ndani, nikamsikia akifungua sanduku alilokuja nalo. Nilijua maana yake. Bibi harusi aliyerudishwa kwao kwa dhambi ya ndama hatarudi tena, na baba mdogo Diwan angekuta chumba kitupu siku atakayopewa likizo.

Babu alirudi jua likishuka. Alikohoa kwenye kona ya nyumba kama kawaida, akaona watu, akaona chungu kimelala tupu, akaona kitu kilichofunikwa gunia. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Alilifunua gunia, akamfumba Lali macho kwa vidole, akabaki amechuchumaa hapo.

Saruli alitoka na kifurushi, amejifunika mpaka kifuani. "Kundan," alinong'ona, "mwambie babu yako anisamehe."

"Babu, mama mdogo anasema..."

"Nimemsikia," alisema babu. "Nina masikio. Saruli."

Majirani walitazamana. Hata bibi alijifunika mdomo. Tangu Saruli aingie nyumba ile, babu hakuwa amelitamka jina lake.

"Saruli, mwanangu, hili sitalipitisha kwa mtoto. Mchana wa leo nilisimama mbele yako na neno moja mdomoni: usiguse. Nikaona aibu kulisema. Nikaondoka nalo. Wagonjwa wangu ninawaonya hadi wanachoka, nikawaacha watu wa nyumbani mwangu wabahatishe. Dhambi ya ndama huyu ni yangu, na kwenda mtoni kutakaswa nitakwenda mimi. Weka hicho kifurushi ndani."

"Baba yake Diwan, watu watasema nini?" aliuliza bibi.

"Wanasema sasa hivi, wako hapo ukutani. Wangetusemaje kama angekuwa na tabia ya kuonja?"

Bibi aliutazama uso uliofunikwa, nadhani akaziona tena zile taya mikononi mwake. Alikwenda akakichukua kifurushi, akakiingiza ndani mwenyewe, na aliporudi akawaambia majirani kwamba ng'ombe wao pia wanangoja kukamuliwa.

Kesho yake babu alikivunja chungu cheusi. Alihamishia kazi ya mzizi ule kwenye kibanda cha mawe chenye kufuli, mbali na jikoni. Kisha akatuita wote barazani, Saruli akiwa amekaa mbele na mtandio umeishia kwenye paji la uso, akatuonyesha mzizi mbichi na mzizi uliokwisha kusafishwa.

"Nani anaweza kuitofautisha?" aliuliza.

Nilinyoosha mkono haraka, nikachagua, nikakosea.

"Umeona?" alisema babu. "Msiamini macho. Dawa kali inaponya mikononi mwa anayeijua, tena kwa kipimo, na kwa mwingine ni kaburi. Usichokijua usikionje, usimpe mtu wala mnyama. Uliza. Kama wa kumuuliza ni mkubwa wako, muulize hivyo hivyo. Na sisi wakubwa tuseme kabla ya kuulizwa. Mtu akila kitu cha namna hii, msinisubiri mimi, mkimbizeni hospitali."

Tulimzika Lali chini ya mteremko. Shuleni wenzangu walinitazama kwa huruma, nikawaambia ndama ni ndama, Dhauli atazaa mwingine, na kama wanataka kulia wakalie hesabu zao. Walicheka. Nyumbani nilisema hivyo hivyo, nikaongeza kwamba sasa nimepumzika, maana mama mdogo alikuwa akimuuliza babu mwenyewe habari ya chai.

Lakini Dhauli aliyazuia maziwa yake. Kila alfajiri aliita kuelekea mteremkoni, akangoja, akaita tena. Bibi alimkanda, alimwimbia, wapi. Basi asubuhi moja, kabla wengine hawajaamka, niliingia zizini na njuga ya Lali shingoni. Nilipiga magoti, nikasukuma kiwele kwa kichwa kama alivyokuwa akifanya, nikalia kama ndama. Ilikuwa njia ya kukamulia tu, nakuapia. Dhauli aligeuka, akaninusa, akanilamba sikio. Nikaendelea kulia.

Niliposimama kupangusa uso, Saruli alikuwa mlangoni na ndoo. Sijui alikuwepo tangu lini.

"Namwigiza Lali," nilisema. "Ili maziwa yatoke."

Aliiweka ndoo chini. Hakuwa amejifunika.

"Lali alikuwa analia kama ndama, Kundan," alisema. "Wewe unalia kama mtu."