Mtoto Mpole wa Gikondo

Wenzangu mnaozaa na mnaopata wajukuu, nisikilizeni. Haya niliyaona kwa macho yangu mwaka 1991, nyumba ya pili kutoka kwangu, huku Gikondo nyuma ya magereji. Nayasema kwa uchungu, maana na mimi sehemu yangu ninayo.

Mukarugwiza, mke wa Silvère fundi magari, alijifungua mtoto wa kiume siku ya Jumapili, salama kabisa. Kesho yake alikuwa nyumbani, ameketi kitandani, anakunywa uji na kucheka na wageni. Mama mkwe wake, Gahongayire, alikuwa ameshuka kutoka kijijini na pombe ya mtama pamoja na kibuyu cha samli. Nyumba ilinukia vizuri, na sisi majirani tuliingia na kutoka kama kwetu.

Mkunga alikuwa amemwambia Mukarugwiza waziwazi: kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe kitu. Lakini Gahongayire alichovya kidole kwenye samli akakipaka kitovu.

"Hii ni ya ng'ombe zetu," alisema. "Silvère mwenyewe nilimupaka hii. Angalia vile iko na nguvu!"

Nani angembishia? Alifanya kwa mapenzi, hilo nitalisema hata mbele ya Mungu.

Alhamisi mtoto akaanza kulala. Alilala asubuhi, akalala jioni, kulia hakulii. Kwetu sisi utulivu ni sifa ya ukoo mzima, basi kila aliyeingia alimsifu. Mimi nilisema, "Huyu amezaliwa na adabu yake." Adabu! Mtoto wa siku tano ana adabu gani? Kimya kingi kina mshindo mkubwa, methali hiyo naijua tangu utotoni, na siku ile haikunijia hata kidogo.

Ijumaa nilimsikia Mukarugwiza akimwambia mkwewe, "Mama, mutoto hanyonyi. Anashika titi kidogo, anaachilia."

"Ameshiba. Mutoto mupole hasumbui mama yake."

"Na kitovu iko nyekundu, Mama. Inanuka."

"Inakauka, mwana wangu. Ngojea siku ya jina. Mutoto hatoki inje mbele ya kupewa jina. Unataka watu waseme nini?"

Mnaijua desturi yetu. Siku ya nane watoto wa majirani hulishwa, kila mmoja akamtajia mtoto jina, na jioni baba hutamka lile alilomchagulia. Kabla ya hapo mama na mtoto hukaa ndani. Ni desturi nzuri, naipenda. Lakini hakuna mzee aliyewahi kuagiza mgonjwa afungiwe ndani kwa ajili yake.

Kumbe Mukarugwiza naye alikuwa akitetemeka kwa homa chini ya blanketi. Tumbo la chini lilimuuma, na damu ya uzazi ilikuwa imeanza kunuka. Mambo kama hayo atamwambiaje mama mkwe? Jumamosi alimshika mumewe mkono.

"Silvère, mimi naogopa. Twende hospitali."

Silvère alimtazama mama yake, akaitazama mitungi ya pombe. "Wageni wameshaitwa," akasema. "Tumalize kesho, halafu twende."

Jumapili watoto walipangwa kwenye mkeka, wakala maharage yao. Mukarugwiza alitoka akijishikilia ukutani, akatabasamu kwa ajili ya wageni. Mtoto akalazwa mbele ya wenzake.

"Mimi nimemuita Rwema!" alisema wa kwanza. Tukacheka.

"Mimi nimemuita Nkusi!"

Zamu ikafika kwa binti yangu Gwiza, mwenye miaka sita. Aligusa shavu la mtoto, akanigeukia bila kutaja jina.

"Mama, huyu mutoto iko baridi."

Nilimfunua. Alikuwa anapumua mbiombio, kitovu kimejaa usaha, na wekundu umeenea tumboni. Nilipiga kelele mpaka nje. Silvère akakimbilia gereji, akarudi na gari la mteja, tukapanda na mama na mtoto. Kwenye kizuizi cha barabarani, maana ulikuwa wakati wa vita, askari walimwangalia mtoto mara moja tu wakatupisha. Hakuna aliyetuchelewesha njiani. Tulikuwa tumejichelewesha wenyewe.

"Vijidudu vimepitia kwa kitovu, vimefika kwenye damu," daktari alisema. "Mama naye viko kwenye mji wa mimba. Mungewaleta Alhamisi..." Wote wawili wakaanza kuchomwa sindano.

Muuguzi alishika kalamu. "Mutoto anaitwa nani?"

Silvère alimgeukia mama yake.

"Hatujamupa jina bado," Gahongayire alijibu, akilia.

Muuguzi akaandika: Mtoto wa Mukarugwiza. Jumanne asubuhi mtoto akafariki, na ndivyo alivyoandikwa hata msalabani. Mama yake alipona baada ya wiki mbili, akarudi nyumbani mikono mitupu. Jina alilokuwa amelichagua, Silvère hajamwambia mtu.

FUNZO

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kitovu cha mtoto kisipakwe samli, majivu wala dawa ya kubahatisha. Kiachwe kikavu, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto mchanga asiyenyonya, anayelala kupita kiasi, anayechemka au kupoa mwili, huyo ni mgonjwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, awe na jina au asiwe nalo. Mzazi mwenye homa au damu inayonuka aseme bila haya, na mume amsikilize mkewe kabla ya wageni.

Na wewe jirani unayeingia kumtazama mtoto, usiharakishe kumsifu upole. Uliza kwanza kama ananyonya. Mimi niliingia nyumba ile kila siku, na sikuuliza.